Jibu: Wiki 6, watu 20, na hamna hela ya mabango

Nimekuelewa: mgombea wenu hajulikani, mpinzani amekalia kiti miaka mingi, nanyi mna watu 20 wa kujitolea. Unauliza kama mnaweza kushinda kwa kugonga milango nyumba kwa nyumba. Inawezekana. Mwaka 2018, kwenye mchujo wa chama huko New York, Alexandria Ocasio-Cortez, ambaye naye hakuwa akijulikana, alimwangusha Joe Crowley, mbunge tangu 1999, na kugonga milango kulichangia sana.

Pigeni hesabu kwanza. Mtu akitulia hupata mazungumzo ya maana kama 8 kwa jioni. Watu 20, jioni 3 kwa wiki, wiki 6: mazungumzo 2,880. Hayatoshi kila mahali, kwa hiyo chagueni mitaa ambayo kura zilikaribiana au waliojitokeza walikuwa wachache.

Mlangoni ndipo wengi huharibu: wanahutubia. Uliza, "Toka 0 hadi 10, mgombea wetu unampa ngapi?" Akisema 4, uliza, "Mbona si 2?" Kisha nyamaza kabisa, mwache ajieleze mwenyewe. Usibishane naye. Mpe kisa kimoja cha kweli, halafu uliza namba tena. Dakika 10 zinatosha. Andika jibu kabla hujafika mlango unaofuata, maana ukifika wa tatu umeshasahau.

Mfuasi sugu wa mpinzani muage kwa heshima. Kura nyingi ziko kwa wanaokupenda ila hawaendi kupiga kura. Wiki ya mwisho rudini kwao, muwaulize wataenda saa ngapi na nani.

Tembeeni wawili wawili, ila kila mmoja agonge milango yake. Msitoe hata soda: zawadi inaweza kubatilisha ushindi. Kuhusu saa za kampeni na kutunza taarifa za watu, ulizeni tume ya uchaguzi au wakili kabla hamjaanza.