Mipangilio ya kutambua sauti: iweke mara moja

Je, unapotumia Google Cloud Speech-to-Text, huduma ya Google ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ni lazima utume lugha, modeli na mipangilio ya uakifishaji katika kila ombi? Hapana. Katika toleo la 2 la huduma hiyo, unda rekognaiza (recognizer, yaani seti ya mipangilio iliyohifadhiwa kwa jina), uhifadhi hayo yote humo, kisha kila ombi liitaje kwa njia yake: projects/mradi-wako/locations/global/recognizers/mikutano. Faili moja likihitaji kitu tofauti, weka badiliko hilo kwenye ombi lenyewe. Litashinda kilichohifadhiwa, bila kuigusa rekognaiza. Angalia sana eneo, yaani sehemu inayofuata locations katika njia! Ukiiunda rekognaiza katika eneo la europe-west4, lazima maombi yapitie europe-west4-speech.googleapis.com, la sivyo yatakataliwa. Mimi ningetenganisha rekognaiza ya simu na ya mikutano. Kwa jaribio la haraka tu, andika recognizers/_ mwishoni mwa njia badala ya jina la rekognaiza, na utume mipangilio ndani ya ombi lenyewe.