Mkanda wa kutetemeka na kitambi

Dada, umeuliza kama mkanda wa kutetemeka utakuondolea kitambi huku umekaa unaangalia tamthilia. Hautakuondolea. Mimi niliuvaa miezi miwili, na sketi zangu zikabaki kunibana vilevile.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Mwili huyachoma pale tu unapotumia nishati nyingi kuliko unayokula, na hauanzi na tumbo eti kwa kuwa tumbo ndilo linalotikiswa. Kuna pia mikanda ya joto na ya umeme. Ile ya joto ndiyo inayodanganya watu zaidi: unatoka jasho, mzani unashuka, ukinywa maji uzito unarudi. Ya umeme, inayopitisha umeme kidogo tumboni, hukaza misuli, lakini mafuta yaliyo juu yake yanabaki. Mwaka 2002 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki wauzaji wa mikanda hiyo ya umeme kwa matangazo ya uongo.

Na tafadhali, kama una mimba au umewekewa betri ya moyo, ya umeme usiiguse kabisa.

Hela hiyo nunua raba nzuri, utembee haraka nusu saa kila siku. Kiuno changu kilianza kupungua nilipoacha soda na kupunguza ugali wa usiku.