Huna Mashine? Anza na Ramani: Ushauri kwa Vijana Wanaotaka Kuingia Kwenye Kompyuta za Atomu

Ninafundisha fizikia shule ya sekondari hapa Tororo, Uganda, na jioni huwa nakaa na kikundi cha vijana, wengine wakiwa wanafunzi wa chuo waliorudi likizo, tukijifunza kompyuta za kwantamu, yaani zinazofanya hesabu kwa kutumia tabia za chembe ndogo sana, na hasa zile zinazotumia atomu. Swali halikosekani: sisi tusio na mashine tutachangia nini? Nami huwajibu kwamba sehemu kubwa ya kazi iliyobaki haifanyiki mbele ya mashine. Inataka hesabu, laptopu, na mtu anayeyajua vizuri matatizo ya kwao.

Anza kwa kuelewa kinachofanyika ndani. Atomu, kwa mfano za rubidi, huwekwa kwenye chombo kilichoondolewa hewa, zikapozwa kwa leza hadi karibu na mwisho kabisa wa baridi, kisha kila moja ikashikwa na mwali wake mwembamba wa leza, mikromita chache kutoka kwa jirani. Chombo chenyewe kinakaa kwenye joto la kawaida la chumba. Ukitaka atomu ziathiriane, unazimulika kwa leza nyingine inayoisukuma elektroni ya nje mbali na kiini. Hiyo ndiyo hali ya Rydberg. Atomu ikishafika hapo, inamzuia jirani wa karibu asifike. Lakini nguvu hiyo hufifia upesi mno: umbali ukiongezeka mara 2, nguvu inashuka mara 64. Kaa na jambo hili mpaka likuingie, kwa sababu mengi yanayofuata yanategemea hilo.

Sasa chukua tatizo la kwetu. Una maeneo kadhaa ya kusimamisha minara ya redio, na minara miwili iliyo karibu ikitumia masafa yaleyale itaingiliana. Unataka kuwasha mingi iwezekanavyo bila ugomvi. Weka atomu moja kwa kila mnara, uzipange kama ramani ilivyo, atomu iliyofika hali ya Rydberg ihesabiwe kuwa mnara unaowaka, na kuzuiana kwa majirani kutasimama mahali pa sheria ya kutoingiliana. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard na wenzao walichapisha kazi waliyotumia hadi atomu 289 kutafuta majibu ya tatizo la namna hii.

Kikundi chetu kilifanya hivyo kwa vilima vya Kampala: Kololo, Naguru, Rubaga, Namirembe, Muyenga, Makindye. Tulitumia Pulser, programu huria ya kampuni ya Pasqal ya Ufaransa, ambayo inaigiza atomu kwenye laptopu ya kawaida. Rubaga ikiwaka, Namirembe inazima. Kololo ikiwaka, Naguru inazima. Vijana walifurahi sana. Kisha binti mmoja akauliza, "Mwalimu, na kama katikati ya minara miwili kuna kilima?"

Hilo ndilo swali ninalotamani kila mmoja wenu aulize. Mawimbi yakizuiwa na kilima, minara miwili iliyo karibu inaweza isisumbuane kabisa, na miwili inayotazamana juu ya bonde ikasumbuana kwa mbali. Atomu hazijui vilima, zinajua umbali tu. Kwa hiyo ramani ya kweli haiingii moja kwa moja kwenye mashine: unalazimika kuipinda, au kuongeza atomu za kati za kupitisha uhusiano, na kila atomu ya ziada ni gharama. Mwenye kuishi kwenye vilima anaiona shida hii mapema kuliko mtu wa nchi tambarare, na kuitafutia njia ni utafiti kamili, unaofanyika kwa kalamu na karatasi.

Kuhusu vifaa: pakua programu mara moja, kisha mgawane kwa flashi, data ni ghali. Msianze na atomu nyingi. Kila atomu unayoongeza inazidisha kumbukumbu mara mbili. Kuhifadhi hali kamili ya atomu 20 kunataka takriban megabaiti 16, na atomu 30 takriban gigabaiti 16. Atomu 10 zinatosha kujifunzia. Na kila tatizo litatue kwanza kwa programu ya kawaida, ili uwe na jibu la kulinganisha. Kwa ramani ndogo kama yetu kompyuta ya kawaida inamaliza papo hapo, na ni lazima tuwaambie watu ukweli huo.

Anayependa hesabu zaidi aende kwenye kusahihisha makosa. Atomu hupotea: hewa kidogo iliyosalia inaigonga, inatoka kwenye mwali, na kwenye picha ya kamera pale palipokuwa na nukta panabaki giza. Uzuri wake ni kwamba ukijua ni ipi iliyopotea, kosa hilo ni rahisi kurekebisha kuliko lile lililojificha. Programu huria iitwayo Stim inaigiza sakiti za kusahihisha makosa zenye mamia ya kyubiti (vipande vya taarifa vya kompyuta ya kwantamu, kwetu kila atomu ni kimoja) kwenye laptopu, kwa kuwa sakiti za aina hiyo zina njia ya mkato kihesabu. Kubuni njia bora ya kutambua kosa ni kazi inayowezekana kabisa Mbarara au Gulu.

Mashine halisi nazo zinakodishwa. Aquila ya kampuni ya QuEra ya Boston, yenye atomu 256, imekuwa ikipatikana kwa intaneti kupitia Amazon Braket, huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta za kwantamu, tangu 2022. Usilipie peke yako, na usilipie mapema. Wenye makampuni wana wateja wao, na tatizo la mnara wa redio ya kijijini halitaingia kwenye orodha yao tusipolipeleka wenyewe. Ningependa walimu na wanafunzi wa Makerere, Kyambogo na vyuo vingine wachague tatizo moja la umma, walijaribu kwanza kwenye laptopu, kisha wachange fedha za muda wa mashine. Matokeo yote yawekwe wazi, hata yaliyogoma, pamoja na ramani na programu yenyewe, ili kikundi kitakachofuata kianzie pale sisi tulipofika.