Usimvute mkono aliyepata kiharusi

Mjomba alianguka uani alfajiri, kwetu Newala, msimu wa kuokota korosho. Mdomo ulikwenda upande, na alipoongea ni kama ana tonge la ugali kinywani. Wazee wakasema upepo mbaya. Tukachoma ubani, tukamkanda maji ya moto, gari tukatafuta alasiri.

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hata kimoja tu, ondokeni. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT scan kuonyesha kuwa mshipa haukupasuka. Kwa barabara zetu, ubani huo ulikula muda tusiokuwa nao. Na msimpe uji wala maji. Koo likiwa limelegea, huingia mapafuni.

Kosa langu mwenyewe lilikuja baadaye. Kila asubuhi nilimwinua kitandani kwa kuuvuta ule mkono uliopooza. Alikunja uso, nikadhani ni hasira za ugonjwa. Mtaalamu wa viungo alipombonyeza juu ya bega, kidole kilizama. Misuli haikuwa inashika mfupa, na mimi nilikuwa nauchomoa kidogo kidogo. Mfunge kanga kiunoni, ushike hapo. Akikaa, uweke mkono juu ya mto usining'inie. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Vidonda vya mgongoni havisubiri.

Tangu hapo nimeanza kuwaona wengine. Kitongojini kwetu peke yake nimehesabu watano, wote wamekaa uani, hawaonekani msibani wala mnadani, ndiyo maana tunadhani ni ugonjwa wa nadra. Watafiti waliofuatilia wagonjwa hadi majumbani, 2003 hadi 2006, walikuta, baada ya kusawazisha tofauti za umri, viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, na 315.9 Dar es Salaam. Takwimu hizo ni za huko, lakini presha, ambayo ndiyo chanzo kikubwa, tunayo hata sisi tunaokula ng'onda, samaki wakavu wa chumvi, kila siku.

Mjomba vidonge vya presha alipewa. Aliviacha kwa sababu kichwa hakikuwa kinamuuma.

Mwezi uliopita nilimpeleka mkaza mjomba zahanati, akilalamika kwamba ananichelewesha bure. Mashine ya presha ikasoma 178 kwa 104, juu mno. Naye kichwa hakimuumi.