Jibu: Watoto wanataka kuogelea ziwani, niwapeleke wapi?

Karibu Mwanza, dada. Umesema umehamia kikazi kutoka Mombasa, una Jumamosi moja tu, na watoto wanalilia kuogelea kama walivyozoea Nyali. Nami nilitoka Kenya na watoto wadogo, kwa hiyo naanza na hilo la kuogelea: usiwaruhusu. Ziwa si bahari. Kwenye maji yaliyotulia yenye magugu huishi konokono wanaobeba kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi hata isiyo na jeraha. Mwanangu alicheza ufukweni mara mbili tu. Baadaye tumbo likamsumbua wiki kadhaa, choo kikawa na damu. Vidonge vilimponya, ila siku zile sizisahau. Kama wako wameshaingia majini, wapeleke wakapimwe hata kama wanaonekana wazima. Hamu ya kuogelea wamalizie kwenye bwawa la hoteli.

Jumamosi yenyewe nendeni Saanane, kisiwa kilicho hapo ziwani. Angalia kwanza kama unavyo kitambulisho chako na vyeti vya watoto, maana raia wa Afrika Mashariki ana kiingilio chake, nafuu kuliko cha wageni wengine. Boti ni dakika chache kutoka mjini. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kilomita za mraba 2.18, kwa hiyo mtatembea kwa miguu. Wangu walinogewa na pimbi, wanyama wadogo wanaofanana na sungura: wanaota jua mwambani, wamebanana ubavu kwa ubavu, ukisogea wanakukodolea macho, kisha wote wanatoweka kwenye nyufa.

Mkirudi, piteni Kamanga, kwenye kivuko, mlione Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu uliosimama majini, jua likizama.