Eti maskini ndio wanaoua ziwa?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi ni mvuvi huku Ukerewe, Ziwa Victoria. Kila mkutano tunaambiwa sisi ndio tunaomaliza sangara kwa umaskini wetu, eti uchumi ukikua mazingira yatapona yenyewe. Sasa mbona pesa ya samaki imeanza kuingia tangu nikiwa mtoto na ziwa ndo linazidi kuchoka?

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza kitu kizito na mimi nakuunga mkono. Sangara hakuwa wa ziwa hili, aliletwa na Waingereza miaka ya 1950 kuingia 60, akakaa kimya weee mpaka miaka ya 80 ndo akalipuka akawala furu, wale samaki wadogo wa asili, na furu walikuwa spishi mamia, nyingi zimepotea kabisa. Kwenye vitabu vya hesabu huo ni ukuaji tu, maana viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, Kisumu, Uganda huko, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, dola zikaingia. Ila furu aliyepotea hakuna mahali alipoandikwa kama hasara.

Halafu kuna hili la kuni ambalo watu hawalisemi. Furu na dagaa unaanika juani basi, lakini sangara ana mafuta mengi, bila kumbanika kwa moto anaoza, kwa hiyo miti ya visiwani na pembezoni ikaenda. Nani kala minofu na nani kabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa, unajua mwenyewe.

Tuje kwenye nyavu haramu. Ni kweli kokoro, ule wavu wa kukokota mpaka ufukweni, linaua mazalia na sitalitetea hata siku moja. Lakini we jiulize mtumbwi, injini na nyavu ni vya nani? Vya tajiri. Mvuvi anaingia ziwani na deni tayari, mafuta yanakatwa kwanza, mgao wake unakuja mwisho, na pengine wakala wa kununua samaki kashamkopesha injini kwa sharti amuuzie yeye peke yake kwa bei anayotaka yeye. Mtu wa namna hiyo akitupa nyavu akapata sangara wa sentimita 30 hawezi kumrudisha, japo sheria inasema asipungue 50. Mwaka 2018 operesheni ilichoma nyavu nyingi sana huko kwenu, lakini ile mikopo na ule mgao mbona havikuguswa?

Na hata hewa chafu duniani iko hivyohivyo. Oxfam walipiga hesabu ya 1990 mpaka 2015, wakaona asilimia 10 ya watu matajiri zaidi walitoa asilimia 52 ya kaboni, ile nusu ya watu maskini wakatoa 7 tu. Siwezi kukudanganya kwamba umaskini hauharibu, unaharibu, ila uchumi ukikua faida ikabaki kwa wachache, hao wachache wako mbali na maji machafu, gugu maji haliwafikii mlangoni, hawana haraka ya kubadilisha chochote.

Kwa hiyo mkutano ujao msikubali BMU, ile kamati ya kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni, iandike jina la mvuvi aliyekamatwa peke yake. Dai liandikwe na jina la mwenye nyavu, na wakala anayenunua samaki wachanga naye aitwe pale mbele. Pia ulizeni ushuru wa mwalo, pale samaki wanaposhushwa, mwaka huu umefanya nini pale mwaloni, maana choo tu kikikosekana uchafu wote unarudi ziwani.