Ugonjwa wa moyo unaorithiwa: maswali yenu na majibu

Tunaandaa kesi ya familia moja kwa ajili ya mkutano wa kanda wa wataalamu wa moyo na jenetiki. Tubebe nini?

Kwanza kabisa, mti wa familia wa vizazi 3. Kwa kila aliyefariki andikeni umri na alichokuwa akifanya. "Alikufa ghafla" haitoshi. Ugonjwa wa QT ndefu (umeme wa moyo huchelewa kujiandaa upya baada ya kila pigo) aina ya 1 huchochewa na mazoezi, hasa kuogelea; aina ya 2 na sauti ya kushtukiza kama ya kengele; aina ya 3 mara nyingi hupiga mtu akiwa amepumzika au amelala. Aliyejua kuogelea akazama, dereva aliyeacha njia bila sababu, "kifafa" kisichosikia dawa: vyote viingie humo, kwa kuwa ndivyo familia husahau kuvitaja.

Pili, ECG (mchoro wa umeme wa moyo) yenyewe, si maelezo yake tu. Mashine hukosea QT, kwa hiyo ipimeni kwa mkono kwenye lidi (mistari ya mchoro huo) II au V5, kisha mrekebishe kulingana na mapigo ya moyo. Kwenye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), toeni unene wa ukuta kwa milimita. Kwa mtu mzima, 15 au zaidi bila sababu nyingine, kama shinikizo la damu la miaka mingi, ni dalili ya ugonjwa wa misuli minene ya moyo. Kwa ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa, 13 inatosha. Ripoti inayosema "moyo umepanuka" bila vipimo hairuhusu uamuzi wowote.

Baba yetu ana misuli minene ya moyo. Sisi watoto tukapime jeni?

Baba apimwe kwanza. Likipatikana kwake badiliko linaloleta ugonjwa, mara nyingi katika jeni za MYH7 au MYBPC3, ninyi mtatafutiwa hilo moja tu. Kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 wa kulirithi, bila kujali ndugu zake wamepata nini. Mkianza ninyi na majibu yakatoka safi, hamtajua kama hamkurithi au kama kipimo hakiwezi kuona tatizo la familia yenu.

Majibu ya baba yakirudi bila kitu, msiseme ugonjwa haurithiwi. Endeleeni na ECG na eko: kila mwaka 1 hadi 2 kwa watoto na vijana, kila miaka 3 hadi 5 kwa watu wazima.

Majibu yangu yanasema "badiliko lenye maana isiyojulikana". Je, mimi ni mgonjwa au la?

Maabara hugawa mabadiliko katika madaraja 5, na hilo ni la katikati. Halithibitishi ugonjwa wala haliuondoi. Kosa kubwa, ambalo lingeweza kumgharimu mtu maisha, ni kumwambia ndugu asiye nalo kwamba yuko salama na hahitaji tena kupimwa moyo. Majibu ya aina hii huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, kwa sababu kanzidata za vinasaba zina data zao chache. Utafiti wa Marekani uliotoka 2016 ulionyesha kuwa baadhi ya Wamarekani weusi waliambiwa wana badiliko la ugonjwa wa misuli minene ya moyo, kumbe halina madhara. Iombeni maabara ilitathmini upya baada ya muda, na kama kuna ndugu mwingine mgonjwa, apimwe kama naye analo.

Kijana amefariki ghafla na uchunguzi wa maiti haukuona kitu. Tuhifadhi nini?

Damu mililita 5 hadi 10 kwenye chupa ya EDTA (kizuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau, au kipande kibichi cha wengu kilichogandishwa. Msitegemee tishu iliyolowekwa kwenye fomalini, huharibu DNA. Na wazazi na ndugu zake wapigwe ECG bila kungoja majibu ya maabara.

Nina QT ndefu. Dawa zipi nijihadhari nazo?

Nyingi, na baadhi ni za kawaida: erithromaisini, klarithromaisini, klorokwini, haloperidoli, ondansetroni. Mwambie kila anayekuandikia au kukuuzia dawa. Ukitapika au kuharisha sana, nenda upimwe potasiamu siku hiyohiyo, maana ikishuka QT hurefuka zaidi. Beta-bloka (dawa ya kutuliza mapigo ya moyo) usiiache ghafla, hata kama hujazimia kwa miaka.